Mathe Aliuliza Kama Aende Mamogramu

Oktoba ikifika Nairobi inageuka pinki. Riboni kwa benki, riboni kwa supamaketi, jumbe za "pimwa mapema" kwa kila grupu ya WhatsApp. Mwaka huu mathe, ambaye ana miaka 47 na haumwi popote, alinitumia moja ya hizo jumbe na kuuliza: "Sasa mimi niende ama niache?" Nikaanza kuandika "enda tu", halafu nikajishika. Kusema ukweli, sikuwa najua kwa nini aende. Nikaingia kusoma, nikakuta hilo swali limegombanisha madaktari zaidi ya miaka 60.

Twende Berlin, 1913. Daktari wa upasuaji, Albert Salomon, alichukua matiti karibu 3,000 yaliyokuwa yamekatwa kwa wagonjwa, akayapiga eksrei, akaona kansa inaacha alama kwenye picha. Yeye alitaka tu kuelewa ugonjwa, hakuwa na mpango wa kupima watu wazima wa afya. Baadaye Wanazi wakamtoa kazini kwa sababu alikuwa Myahudi, wakamfunga kambi ya Sachsenhausen, akaishia kukimbilia Uholanzi. (Binti yake ni Charlotte Salomon, yule mchoraji aliyeuawa Auschwitz 1943. Hiyo sikutarajia.) Mpaka 1960 ndipo Robert Egan wa Houston akaonyesha njia ya kupata picha safi za kutegemewa.

Sasa swali likawa: ukimpiga picha mtu ambaye haumwi, unamsaidia?

Unaweza kufikiria jibu ni rahisi. Chukua waliopatikana mapema, uone kama wameishi miaka mingi kuliko waliochelewa. Shida ni hii. Wanawake wawili wana kansa sawa, na wote watakufa wakiwa na miaka 60. Mmoja amepatikana kwa picha akiwa 54, mwingine amehisi uvimbe akiwa 58. Wa kwanza ataitwa "ameishi na kansa miaka 6", wa pili miaka 2. Picha imeonekana kama muujiza, na hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Kilichoongezeka ni muda wa kujua.

Ndiyo maana jaribio la New York lililoanza Desemba 1963 lilikuwa kitu kikubwa. Mpango mmoja wa bima ya afya ulichukua wanawake karibu 62,000 wa miaka 40 hadi 64, ukawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja waliitwa kila mwaka kupigwa picha na kukaguliwa kwa mkono, lingine waliachwa na matibabu yao ya kawaida. Halafu wakahesabu vifo, si miaka ya kuishi na ugonjwa. Baada ya kama miaka 10, kundi lililoitwa lilikuwa na vifo vichache vya kansa ya matiti, kwa karibu 30%. Lakini hapo mkono na picha vilikuwa pamoja. Nani alifanya kazi?

Kabla hata hilo lijibiwe, siasa ikaingia. Septemba 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alikatwa titi na akakubali dunia nzima ijue. Wiki chache baadaye ikawa Happy Rockefeller. Foleni kwenye kliniki zikafura. Na hii Oktoba yetu ya pinki? Ilianzishwa huko 1985 na American Cancer Society pamoja na kampuni ya Imperial Chemical Industries, ambayo ilikuwa inauza dawa ya kansa ya matiti. Sisemi ni njama. Nasema tu ujue riboni imetoka wapi.

Mwaka huo huo wa 1985 Waswidi wakatoa jaribio lao: vifo vimepungua 31%. Wakanada wakafanya la wanawake karibu 90,000 wa miaka 40 hadi 59, wakakuta vifo havijapungua, na hata baada ya miaka 25 jibu likabaki hilo. Kila upande ukasema mwingine amekosea, mara mashine mbovu, mara makundi yamegawanywa vibaya. Mwaka wa 1997 jopo la wataalamu Marekani likasema wanawake wa miaka ya arobaini wapewe ukweli wajiamulie. Watu walikasirika hadi Seneti ikapiga kura 98 kwa 0 kuunga mkono mamogramu. Kura, wasee, juu ya sayansi. Mwaka wa 2009 jopo lao lingine likapendekeza kuanza miaka 50, na 2024 likarudi 40.

Uingereza 2012, kamati ya Michael Marmot ikaweka hesabu mezani: kwa kila mwanamke anayeokolewa, kama 3 hutibiwa kansa ambayo isingewahi kuwasumbua. Wanakatwa, wanachomwa miale, na ukiwauliza watakuambia mashine imewaokoa. Hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kumwambia yeye ni yupi kati ya hao wanne.

Lakini hiyo ni shida ya nchi inayopata kansa nyingi mno. Hapa kwetu wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Mwongozo wa Kenya wa 2018 unasema mamogramu kila mwaka kutoka miaka 40 hadi 55, halafu kila miaka miwili hadi 74. Poa. Sasa tafuta mashine ukiwa mbali na mji mkubwa, halafu tafuta pesa yake.

Kwa hivyo kilichonishika zaidi ni Mumbai. Kuanzia 1998, katika jaribio la wanawake kama 151,000, wahudumu waliofunzwa walikagua matiti ya karibu nusu yao kwa mkono kila miaka miwili. Hakuna mashine. Matokeo yalitoka 2021: kansa zilipatikana mapema zaidi, na kwa walio na miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua karibu 30%. Chini ya 50, hapana. Na usichanganye na kujipima mwenyewe. Shanghai walifundisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kujipima, jaribio la wanawake zaidi ya 266,000, na vifo havikupungua.

Nilimweleza mathe yote haya jikoni. Kwamba kwa umri wake faida ipo lakini ni ndogo kuliko ya mtu wa miaka 55. Kwamba anaweza kuitwa tena kwa kitu ambacho si kitu, na wiki za kungoja biopsi si mchezo. Kwamba angekuwa amehisi uvimbe, huu mjadala wote haungemhusu, ingekuwa hospitali kesho asubuhi.

Akanyamaza, akakoroga ugali. "Na wakipata kitu, hayo matibabu nani analipa?"

Hilo hakuna jaribio limelijibu. Tulikaa tukaangalia bima yake inalipa nini. Amesema ataenda Novemba, foleni za Oktoba zikiisha, na nitamsindikiza. Kitu cha mwisho aliuliza ni kama inauma. Inabana, nikamwambia, lakini ni sekunde chache.