Zero ya Akutan: Ilifundisha Nini Hasa?

Tarehe 4 Juni 1942 rubani Mjapani Tadayoshi Koga, ndege yake ya Zero ikivuja oili baada ya kupigwa risasi huko Dutch Harbor, alijaribu kutua kwenye kisiwa cha Akutan, Alaska. Majani yalificha tope; magurudumu yakanasa, ndege ikapinduka, Koga akafa. Wamarekani waliigundua Julai, wakaitengeneza San Diego, na Septemba ikaruka tena. Husimuliwa kwamba kutokana nayo ndipo Marekani ilipobuni Hellcat, ndege iliyokuja kutamba angani Pasifiki. Hadithi ni tamu, ila kalenda inaikataa: Hellcat ya majaribio iliruka 26 Juni, Zero hii ikiwa bado imelala chali topeni. Hata mbinu ya rubani Mmarekani John Thach ya kuikabili Zero, ya ndege kupishana huku zikilindana, haikutokana na ndege ya Koga: ilitumika vitani Midway siku ileile Koga alipoanguka.

Basi ilikuwa na faida gani? Kubwa, lakini kwa rubani zaidi kuliko mhandisi. Majaribio yalithibitisha kwamba pua ikiinamishwa ghafla injini hukatika, kwa kuwa kabureta yake yenye boya hukosa mafuta. Kwenye mwendo mkali usukani ulikuwa mgumu, na kujibingirisha kulia kulikuwa kwa taabu kuliko kushoto. Rubani wa Marekani aliyekimbizwa na Zero akashauriwa ainamishe pua na kushuka kwa kasi, kisha ajibingirishe kulia.