Nyuma ya Uwanja Usio na Pazia: Maandalizi ya Mbina za Wasukuma na Historia ya Jukwaa

Historia ya tamthilia ya muziki katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata majengo. Msimulizi huanzia kwenye klabu za maigizo za maofisa wa kikoloni, akaja kwenye ukumbi wa taifa wa Nairobi uliofunguliwa mwaka 1952, kisha ule wa Kampala wa mwaka 1959. Humalizia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na ukumbi wake mkubwa ukateketea kwa moto mwaka 2002. Katika orodha hiyo Mirongo haimo. Msomaji wa orodha hiyo anaweza kudhani kwamba kata hiyo ya katikati ya Mwanza, yenye jina la mto unaoshuka kuingia Ziwa Victoria, pamoja na nchi yote ya Usukuma inayoizunguka, haikuwa na jukwaa wala nyuma ya jukwaa. Dhana hiyo ni potofu, na chanzo cha upotofu ni kipimo kinachotumika.

Lugha yenyewe imechangia. Mambo yasiyoonekana na watazamaji husemwa kuwa yako “nyuma ya pazia”, na pazia huhitaji ukumbi. Lakini Kiswahili kina maneno yasiyotegemea ukumbi. Ulingo, kabla ya kuwa mahali pa wachezaji, ni dungu la shambani la kulindia ndege. Neno ngoma hubeba kwa pamoja chombo, wimbo, mchezo na mkusanyiko wa watu. Manju ni kiongozi na bingwa wa nyimbo za ngoma. Mwenye kuanzia kwenye maneno haya huweza kuuliza swali jingine: si wapi palikuwa na jengo, bali wapi palikuwa na maandalizi yaliyofichwa watazamaji kwa makusudi.

Kwa swali hilo, Usukuma ina jibu pana. Tangu karne ya 19 mbina, yaani ngoma za Kisukuma, zimegawanyika katika pande mbili zinazoshindana: Bagika na Bagalu. Mapokeo huzinasibisha pande hizo na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi viwili husimama katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna kiingilio wala kiti. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake: akichoshwa na upande huu, huvuka kwenda upande wa pili, na kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo mshindi.

Sheria hiyo moja ndiyo iliyozaa maisha ya nyuma ya uwanja. Kwa kuwa umati ungeweza kuhama wakati wowote, kila kilichoweza kuushangaza kilipaswa kubaki siri mpaka dakika yake. Ningi, kama manju anavyoitwa kwa Kisukuma, alikuwa mtunzi, mfunzaji wa wachezaji na mara nyingi mganga. Alitayarisha samba, dawa ya kuvuta watu, na kuwakinga wachezaji wake dhidi ya dawa za wapinzani. Vioja navyo viliandaliwa: Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka, walijulikana kwa kucheza na chatu, na wachezaji wa Bugobogobo kwa kurusha majembe hewani na kuyadaka kwa kufuata mapigo. Jembe lililoonekana kuruka kwa wepesi lilikuwa na mazoezi marefu nyuma yake.

Katika miaka ya 1950 mashindano hayo yalipata makazi mapya Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza. Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada, alijenga hapo kanisa na makumbusho kwa mifano ya utamaduni wa Kisukuma, na sherehe ya Bulabo ikaambatanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Ngoma iliyokuwa na mganga nyuma yake ikaingia katika uwanja wa kanisa, na sheria ya umati ikaendelea.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na jukwaa la taifa. Baada ya Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana kuundwa mwaka 1962, kikundi cha ngoma cha taifa kilianzishwa, na Bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma zilizochezwa na vikundi vya sehemu nyingi za nchi. Duara likafunguka likatazama upande mmoja, mchezo wa mchana kutwa ukawa wa dakika chache, mtazamaji akakaa. Nyuma ya jukwaa pia pakabadilika. Wachezaji walewale walicheza ngoma za makabila mbalimbali katika onyesho moja, hivyo kazi kuu ya mahali hapo ikawa kubadilisha mavazi upesi. Siri iliyokuwa ya kumshinda mpinzani ikageuka kuwa utaratibu wa kutimiza ratiba.

Hasara hapa si ya uchawi, bali ya maarifa. Mtafiti anayenukuu nyimbo za jukwaani peke yake hupata maneno bila sababu ya maneno hayo: hajui ni hasimu yupi aliyekuwa akijibiwa, wala kwa nini ubeti uliwekwa mwisho, wakati umati ulipoanza kusogea. Wazee waliotunza maandalizi hayo hupungua mwaka hadi mwaka, nao hawakuandika. Kwa hiyo historia ya jukwaa la Mwanza haiwezi kungoja ramani ya kumbi. Itaandikwa na wanaokwenda uwanjani mapema, kabla ngoma hazijawambwa motoni, na kuuliza kinachofanyika huko nyuma.