Ukatiba: Mamlaka Yenye Mipaka

Ukatiba ni kanuni kwamba mtawala hutumia mamlaka aliyopewa tu, ndani ya mipaka iliyowekwa, na akiivuka kipo chombo cha kumzuia. Katiba ni sheria kuu inayounda dola, kugawa madaraka na kulinda haki za raia. Sheria ya katiba ni tawi la taaluma ya sheria linalochunguza jinsi hayo yanavyotekelezwa na kuamuliwa mahakamani. Istilahi hizi tatu zinakaribiana, lakini hazishiki nafasi moja: nchi yaweza kuwa na katiba ndefu na bado ikakosa ukatiba.

Neno katiba lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, ingawa Waarabu wenyewe huiita sheria kuu ya nchi dustur. Katika Kiswahili neno hilo halikomei serikalini. Kikundi cha akina mama wa sokoni Busia, Kenya, kinachotaka kuandikishwa sharti kiwe na katiba, inayoeleza viongozi huchaguliwa vipi, nani hutia saini benki na mwanachama hufukuzwa kwa utaratibu gani. Kiambishi u- kikiongezwa, hupatikana ukatiba, yaani kanuni yenyewe. Utawala wa kikatiba, unaotumiwa pia na waandishi wengi, hufaa zaidi kutaja hali ya serikali inayoifuata kanuni hiyo. Vyote viwili visichanganywe na utawala wa sheria, kwa kuwa sheria iliyopitishwa bungeni yaweza kufuatwa neno kwa neno na bado ikampa mtawala mamlaka yasiyo na kikomo.

Chimbuko la ukatiba ni magomvi kati ya watawala na watawaliwa, na mara nyingi magomvi hayo yalihusu kodi na kifungo. Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuikubali Magna Carta, ambayo miongoni mwa mambo mengine ilikataza mtu huru kufungwa bila kufuata sheria. Mwaka 1689 Hati ya Haki ilimkataza mfalme kutoza kodi bila idhini ya Bunge. Montesquieu wa Ufaransa alieleza mwaka 1748 kwamba uhuru haupo pale anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu ni yule yule. Marekani iliandika katiba yake mwaka 1787, na mwaka 1803 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba sheria inayokiuka katiba ni batili.

Afrika Mashariki ilipata katiba kabla ya kupata ukatiba. Katiba za uhuru za Uganda, 1962, na Kenya, 1963, zilitokana na mazungumzo yaliyofanyika London, baada ya miongo ya utawala wa kikoloni usiowajibika kwa Waafrika. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba ya Uganda. Wabunge wakapitisha mpya bila kuisoma, na nakala zao wakaambiwa wazichukue baadaye katika visanduku vyao vya barua. Kisha, katika kesi ya Matovu, mahakama ya Uganda iliikubali katiba hiyo kwa hoja kwamba mapinduzi yaliyofanikiwa huzaa uhalali wake.

Kenya haikuitupa katiba yake. Iliirekebisha mpaka ikabadilika sura. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kiliifanya KANU chama pekee halali, hadi kilipofutwa mwaka 1991. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa ajira zao, ukarudishwa miaka miwili baadaye. Yote yalipitia bungeni kwa utaratibu. Mwanasheria H. W. O. Okoth-Ogendo aliiita hali ya namna hiyo barani Afrika kuwa na katiba bila ukatiba, na kauli yake imekuwa msingi wa mjadala hadi leo.

Katiba ya Kenya ya 2010 na ya Uganda ya 1995 ziliandikwa kwa kukumbuka historia hiyo, na tofauti zake huonekana wazi mpakani. Mtu aliyekamatwa Alupe au Malaba, upande wa Kenya, lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama muda huo utaisha wakati mahakama imefungwa. Akikamatwa hatua chache ng'ambo, polisi wa Uganda wana saa 48. Rais wa Kenya ana mihula miwili tu. Uganda iliondoa ukomo wa mihula mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017.

Kanuni ya 1689 nayo imefika sokoni. Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya inasema kodi au ada ya leseni haitozwi ila kwa sheria. Kwa hiyo Kaunti ya Busia haiwezi kuamua kiwango cha ushuru kwa amri ya ofisa. Lazima kiwe na msingi katika sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti, baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni. Mchuuzi anayedai aonyeshwe sheria kabla ya kulipa anatumia haki ya kikatiba.

Nguvu ya mipaka hii hujulikana pale inapomgusa mkubwa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Machi 31, 2022, katika kesi kuhusu BBI, mpango wa kurekebisha katiba, mahakama hiyo ilikataa hoja kwamba katiba ina muundo wa msingi usioguswa, lakini ikaamua kwamba rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia ya pendekezo la wananchi, kwa sababu njia hiyo ni ya raia wa kawaida.

Kwa hiyo kipimo cha ukatiba si wingi wa ibara. Ukatiba upo pale mahakama inapoweza kumwambia mtawala hapana, na mtawala akatii.