Simba Alibeba Oscar Mbili, Kura Yangu Ningempa Ng'endo

Wadau, mmeniuliza ni filamu gani ya katuni inastahili Oscar. Jibu langu si la mwaka huu, ni la zamani kidogo.

The Lion King ilitoka 1994. Mwaka uliofuata ikabeba Oscar mbili, zote za muziki. Ya katuni haikupata kwa sababu haikuwepo. Tuzo ya filamu ndefu ya katuni ilianza kutolewa 2002, na Shrek ndiye akawa wa kwanza kuichukua. Sisi wenye Simba, Rafiki na Pumbaa tulipata nini? Disney walisajili "Hakuna Matata" kama alama yao ya biashara, na 2018 watu wakaanza kusaini malalamiko mtandaoni. Mimi huku Ijara sijawahi kusikia mtu akisema hayo maneno bila mtalii kuwa karibu. Na simba akionekana Masalani hakuna anayeimba, bana. Watu wanahesabu ng'ombe.

Kura yangu ningeipa Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, Mkenya mwenzetu. Ni ya 2012, aliitengeneza akimaliza masomo Royal College of Art, London. (Mimi chuo niliacha, yeye alimaliza na filamu.) Haifiki hata dakika 8. Amechanganya michoro, watu halisi wanaocheza, na sauti za familia yake, wakizungumzia nywele na kujichubua. Kuna msichana mdogo anaeleza kwamba angependa kuwa mweupe. Hapo nilirudisha nyuma mara tatu.

Chicago waliipa Silver Hugo 2013. Oscar hawakuiteua, na hapa hakuna kisingizio, maana tuzo ya katuni fupi wanaitoa tangu 1932.

Nilimwonyesha binamu yangu kwa simu. Wiki hiyo alikuwa anapaka krimu, mashavu yameanza kuwa mekundu, anajiandaa kwa harusi ya dada yake. Nilidhani atalia au atanitukana. Alitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Na wewe, mbona kila msichana unayempost ni mweupe?"

Nikaenda kuhesabu. Katika picha 12, mweusi alikuwa mmoja, na huyo nilikuwa nimemwekea filta.

Krimu bado anapaka. Picha yake ya harusi ameniambia nisiiguse.