Stima Iliwaka, Mbeere Ikalipa

Wasee, mwezi uliopita tulitoka Meru watu wanne kwa gari ya jamaa yetu, tukapita Chuka, Embu, tukakata Kiritiri mpaka bwawa la Kiambere. Mpango ulikuwa picha tu, na picha zilitoka fiti. Halafu mmoja wetu akauliza: "Kwani hapa chini ya maji kulikuwa na nini?"

Hakuna aliyejua. Nikarudi home nikaanza kusoma. Kulikuwa na mashamba ya watu.

Kiambere ilimalizika 1988. Iko chini kabisa kwenye ule msururu wa mabwawa ya stima ya Mto Tana: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981). Ulikuwa mradi wa TARDA, shirika la serikali linalosimamia maendeleo ya mabonde ya Tana na Athi. Benki ya Dunia ilitoa mkopo.

Sasa, shirika kama hilo linapataje mto na mashamba? Mto ni rahisi. Tangu ukoloni sheria inasema maji ya mto ni ya serikali, hata kama nyanya yako amechota hapo maisha yake yote. Kwa ardhi, kulikuwa na sheria ya 1968: serikali inaweza kuchukua shamba kwa lazima kwa manufaa ya umma, bora ilipe fidia. Kwa karatasi, iko sawa kabisa.

Lakini fidia ilikuwa pesa mkononi, kila mtu aende ajitafutie kwingine. Mtafiti Edward Mburugu alifuatilia waliohamishwa. Shamba la kawaida lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ilipungua kwa zaidi ya thuluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yalianguka kwa asilimia 68. Mapato ya familia yalitoka shilingi 10,968 hadi 1,976. Hebu soma hiyo tena.

Hapo ndipo nimekwama. Watu wanasema, "Si walilipwa?" Walilipwa, ndiyo. Lakini mbuzi hali noti. Na familia nyingi zikianza kutafuta shamba wakati mmoja, unadhani bei itakaa palepale?

Leo sheria ni tofauti. Sheria ya Maji ya 2016 bado inaweka maji mikononi mwa serikali, lakini inasema inayashikilia kwa niaba yetu. Mamlaka ya maji ikitaka shamba lako haiwezi kuja tu na tingatinga: lazima ipitie Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na notisi itolewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka. Inamtaja hata anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hatimiliki. Ila angalia vizuri: kwa huyo, Katiba inasema fidia *inaweza* kutolewa. Haisemi *lazima*. Neno moja, na boma nzima inaning'inia hapo.

Mimi sipingi mabwawa. Hii simu nimeichaji na stima, na pengine imetoka hukohuko Tana. Lakini serikali imekuwa na mpango wa bwawa lingine kubwa, High Grand Falls, mtoni hapohapo upande wa Tharaka na Kitui. Likija, sitaki mtoto wa mtu aje kupiga picha juu ya shamba la nyanya yake bila kujua.

Kwa hivyo kazi ni hii. Ukienda ushago wikendi, uliza: karatasi za shamba ziko wapi, na zina jina la nani? Kama ni la babu aliyefariki zamani na hakuna aliyefuatilia urithi, anzeni sasa. Notisi ikishatoka mtakuwa mnakimbizana na tarehe.