Kutoka Mlango wa Mahakama hadi Daftari la Kampuni: Historia ya Ripoti ya Mali Isiyodaiwa katika Majimbo ya Marekani, 1911–2023

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, kampuni zinazofanya biashara nchini Marekani hupaswa kupeleka kwa serikali za majimbo orodha ya fedha ambazo si zao. Ni mishahara ambayo wafanyakazi hawakuichukua, hundi zilizotumwa zisipelekwe benki, akiba zilizolala, magawio ya hisa, marejesho ya wateja na malipo ya bima ya maisha ambayo warithi hawakuyafuata. Orodha huandamana na fedha zenyewe, au hutangulia na fedha zikafuata. Jimbo huzipokea kama amana, na mwenye mali hubaki na haki ya kuzidai.

Wataalamu wengi wa sheria wameijadili mali hii kwa kuuliza ni nani anayestahili kuitunza. Makala hii inauliza swali lililo nyuma ya hilo: ripoti yenyewe ilikusudiwa kusomwa na nani? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, katika kipindi kinachochunguzwa, msomaji wa ripoti alibadilika. Mwanzoni orodha iliandikwa ili mwenye mali aone jina lake. Baadaye ikawa waraka wa hesabu unaoyawezesha majimbo kugawana fedha na kuzikagua kampuni. Mabadiliko hayo yalikitegemea kitu kidogo sana, yaani anwani iliyoandikwa katika daftari la kampuni. Data ya makala imetokana na hukumu za mahakama na sheria za mfano zilizopendekezwa kwa majimbo.

2.0 Kabla ya ripoti: mahakama na akiba zilizolala

Chimbuko la mamlaka ya majimbo ni kanuni ya kale ya Uingereza iliyoirejesha ardhi ya marehemu asiye na mrithi kwa bwana wake au kwa mfalme. Majimbo ya Marekani yalirithi kanuni hiyo, kisha yakaipanua hadi kwenye fedha. Hata hivyo, baina ya ardhi na akiba kuna tofauti ya msingi. Ardhi isiyo na mwenyewe huonekana kwa macho. Akiba iliyosahauliwa huonekana tu na yule anayeishika. Hivyo, jimbo halikuweza kuichukua bila kuambiwa, na mwenye kuambia alikuwa benki ileile iliyonufaika na ukimya.

Shauri la Provident Institution for Savings dhidi ya Malone la mwaka 1911 linaonesha hatua ya awali. Sheria ya Massachusetts ilihusu akiba zilizokaa miaka 30 bila kuguswa, na Mwanasheria Mkuu alilazimika kuiomba mahakama ya mirathi iamuru fedha zipelekwe kwa Mweka Hazina. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria hiyo. Mwaka 1923, katika shauri la Security Savings Bank, iliikubali pia ya California iliyohusu akiba zilizolala kwa zaidi ya miaka 20. Katika mifumo yote miwili, kila dai lilipitia kwa hakimu. Njia hiyo ilifaa kwa akaunti chache, lakini isingeweza kubeba maelfu ya madeni madogo.

3.0 Orodha mlangoni pa mahakama

Kentucky ilijaribu njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1940 iliziagiza benki zitoe ripoti kila mwaka, bila kungoja shauri lifunguliwe. Akiba inayotolewa wakati wowote ilihesabiwa kuwa imetelekezwa baada ya miaka 10, na ile yenye masharti ya muda baada ya miaka 25. Nakala ya ripoti ilipelekwa kwa sherifu wa kaunti, naye aliibandika kwenye mlango wa mahakama au kwenye ubao wa matangazo.

Benki zilipinga zikisema kwamba karatasi iliyobandikwa mlangoni haitoshi kumnyang'anya mtu mali yake. Katika Anderson National Bank dhidi ya Luckett, mwaka 1944, Mahakama ya Juu ilizikatalia. Kuhama kwa fedha kutoka benki kwenda jimboni hakukuifuta haki ya mwenye akiba, na tangazo mahali palipozoeleka kwa shughuli za umma lilionekana kutosha.

Umuhimu wa hukumu hii kwa hoja yetu ni wa namna mbili. Kwanza, iliihalalisha ripoti ya kila mwaka kama chombo cha utawala. Pili, ilihifadhi taswira ya ripoti iliyomlenga mwenye mali: orodha ya majina, mahali anapopita, ikisomwa na jirani anayemfahamu. Ndiyo sura ya ripoti iliyofifia katika miongo iliyofuata.

4.0 Sheria ya mfano ya 1954 na kalenda ya kampuni

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majimbo yalipanua madai yao hadi nje ya benki. Mwaka 1948 New York iliruhusiwa kudai malipo ya bima ya maisha yaliyoshikwa na kampuni za majimbo mengine kwa ajili ya wakazi wake. Mwaka 1951 New Jersey iliruhusiwa kuchukua hisa na magawio ya Standard Oil yaliyokaa miaka 14 bila kudaiwa. Kampuni zikakabiliwa na hofu mpya, yaani kulipa deni moja mara mbili kwa majimbo mawili.

Tume ya kitaifa ya kuwianisha sheria za majimbo ilijibu hali hiyo mwaka 1954 kwa kupendekeza sheria ya mfano. Sheria hiyo iliweka miaka saba kuwa muda wa kawaida wa kutodaiwa, na miaka 15 kwa hundi za wasafiri. Ripoti ilipaswa kuwasilishwa kabla ya 1 Novemba, ikihusu hali ya tarehe 30 Juni iliyotangulia. Kampuni za bima ya maisha zilipewa 1 Mei. Ilitaja jina la mwenye mali, anwani yake ya mwisho inayojulikana, aina ya mali, na tarehe ilipostahili kulipwa. Afisa wa kampuni aliithibitisha kwa kiapo. Kisha jimbo lilitangaza majina katika gazeti la kaunti ya anwani hiyo, na kampuni iliyokabidhi fedha iliondolewa dhima.

Kalenda hiyo ingali hai katika majimbo mengi. Hata hivyo, tangu hapo anwani ilibeba kazi mbili: kumtafuta mtu, na kuonesha ni jimbo gani lenye haki ya kupokea.

5.0 Anwani kama mpaka: Texas dhidi ya New Jersey

Mgogoro uliotarajiwa ulifika Mahakama ya Juu kwa sura ya kawaida kabisa. Sun Oil Company ilikuwa na madeni madogo ya jumla ya dola 26,461.65, iliyodaiwa na watu wapatao 1,730 ambao hawakujitokeza kwa muda wa miaka saba hadi 40. Kampuni ilisajiliwa New Jersey na ofisi yake kuu ilikuwa Pennsylvania, ilhali madeni yaliandikwa katika vitabu vya ofisi zake za Texas. Florida nayo iliingia, ikidai fedha za watu wenye anwani za mwisho jimboni humo.

Mwaka 1965 Mahakama iliamua kwamba haki ni ya jimbo la anwani ya mwisho ya mdai, kama inavyoonekana katika vitabu vya mdaiwa. Pale ambapo anwani haipo, au jimbo hilo halina sheria ya kuchukua mali hiyo, fedha huenda katika jimbo lililoisajili kampuni. Mahakama ilikiri kwamba uamuzi haukutokana na mantiki pekee; wepesi wa utekelezaji na usawa ndivyo vilivyoelekeza.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko fedha zilizogombewa. Karani asiyeandika anwani sasa aliamua, bila kujua, hazina ipi ipokee. Delaware, ambako kampuni nyingi za Marekani zimesajiliwa, ikawa mnufaika wa kila daftari lenye pengo. Katika hawala za fedha, ambazo mara nyingi huuzwa bila anwani kuhifadhiwa, pengo lilikuwa la kawaida. Mwaka 1972 Mahakama ilikataa kubadili kanuni kwa ajili ya hawala. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliingilia kati na kulipa haki jimbo ambalo hawala au hundi ya msafiri ilinunuliwa. Mwaka 1993 Mahakama iliamua shauri la Delaware kuhusu dola milioni 360 ambazo New York ilikuwa imezichukua kutoka kwa mawakala wa hisa na benki. Mwaka 2023 Mahakama iliamua dhidi ya Delaware kuhusu hundi za MoneyGram zilizofanana na hawala. Katika mashauri haya, wenye mali hawakuwa upande wowote.

6.0 Ripoti ya makadirio

Sheria za mfano zilizofuata ziliongeza masharti na kupunguza muda. Ile ya 1981 iliushusha muda wa kawaida kutoka miaka saba hadi mitano. Ile ya 1995 iliweka mwaka mmoja kwa mishahara, ikazitaka kampuni zitunze kumbukumbu, na ikaruhusu makadirio pale kumbukumbu zinapokosekana.

Makadirio ndiyo kilele cha mabadiliko tunayoyafuatilia. Katika shauri la Temple-Inland la mwaka 2016, Delaware ilikuwa imeikagua kampuni hadi mwaka 1986. Kwa kuwa vitabu vya miaka ya awali havikuwapo, hali ya miaka ya karibuni ilitumiwa kukadiria deni la zamani. Mali yenye anwani za majimbo mengine iliingizwa katika kukokotoa kiasi, lakini fedha zote zilidaiwa na Delaware. Jaji wa shirikisho aliona kwamba mwenendo huo kwa ujumla wake ulikiuka haki ya kikatiba ya kampuni. Mwaka uliofuata Delaware ilirekebisha sheria yake. Ikumbukwe kwamba fedha iliyokadiriwa haina jina. Hakuna mtu anayeweza kuifuata, kwa kuwa hakuna mtu aliyeandikwa.

California inatoa mfano wa kinyume. Jimbo hilo liliwahi kutangaza magazetini bila kutaja majina, likauza hisa za watu waliodai kuwa hawakuarifiwa kamwe. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisimamisha utaratibu huo mwaka 2007. Sheria mpya ikaigawa ripoti katika hatua mbili: kampuni hutoa taarifa kabla ya 1 Novemba, jimbo huwaandikia wenye mali, na fedha zisizofuatwa hukabidhiwa kati ya 1 na 15 Juni mwaka unaofuata. Miezi hiyo ya kati imemrejesha mwenye mali miongoni mwa wasomaji wa ripoti.

7.0 Hitimisho

Historia hii haioneshi kwamba majimbo yalikuwa na nia mbaya wala kwamba kampuni zingekuwa walinzi bora. Bila ripoti, akiba iliyosahauliwa humezwa na anayeishika. Inachoonesha ni kwamba waraka mmoja umetumikia madhumuni mawili, na kila dhumuni la mapato lilipopata nguvu, jina la mwenye mali lilipungua uzito.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu mali za fedha zisizodaiwa inafuata kalenda hiyohiyo ya 30 Juni na 1 Novemba. Kwa kuwa Kenya ina mamlaka moja ya taifa, ugomvi wa mipaka ulioitesa Marekani haumo. Kipimo kinachobaki ni kile kilichokuwa mlangoni pa mahakama ya Kentucky: je, aliyeandikwa katika orodha anaweza kuiona na kulitambua jina lake? Mtafiti anayetaka kuutathmini mfumo wowote wa aina hii asiishie kuhesabu fedha zilizokabidhiwa. Ahesabu pia zilizorudi kwa wenyewe.