Mkutano Usio na Jawabu: Hoja Juu ya Polisi Jamii na Ushahidi wa Chicago

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa pamoja katika nchi sita, nazo ni Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na Uganda, ambamo maeneo yaliyopewa polisi jamii kwa kura yalilinganishwa na maeneo yaliyoachwa katika hali yake ya zamani. Na natija yake ni kwamba imani ya raia kwa polisi haikuongezeka wala uhalifu haukupungua. Tangu hapo wamekuwapo watu wanaoishika natija hiyo kama fatwa, wakidai kuwa kumweka askari karibu na raia ni kupoteza mali ya umma. Makala haya yanaikubali hesabu ya wataalamu wale, ila yanaikataa fatwa iliyojengwa juu yake.

Yale yasiyobishaniwa hayahitaji maneno mengi. Kwamba kuongeza magari ya doria mitaani hakupunguzi wizi wala hofu, jambo hilo lilithibiti Kansas City katika majaribio ya 1972 na 1973. Na kwamba askari wa miguu huwaridhisha raia hata pale ambapo uhalifu umebaki palepale, hilo lilionekana Newark miaka michache baadaye. Ugomvi uko katika suala la ni kipi hasa, ndani ya polisi jamii, kinachofunga uhusiano. Idara nyingi za polisi, na waandishi wanaozisifu, hudhani kuwa ni mkutano: huitisha baraza, hucheza mpira na vijana, hupiga picha, kisha hungoja imani ije yenyewe. Mimi nashikilia kwamba mkutano peke yake hauna taathira yoyote, na kwamba kinachofunga uhusiano ni mambo mawili, yaani askari yuleyule kudumu mahali palepale, na shida ya raia kupata jawabu.

Burhani yangu naitoa Chicago, mji wa watu wapatao milioni tatu, wala sikuuchagua kwa wema wa polisi wake. Mwaka uleule wa 1993 ulipoanzishwa mpango wao wa polisi jamii uitwao CAPS ndipo alipofukuzwa kazi Jon Burge, kamanda ambaye chini ya mikono yake na ya wapelelezi wake washukiwa, aghalabu watu weusi, waliteswa kwa miaka mingi. Katika mji wenye jeraha la namna hiyo, mpango ulianza kwenye wilaya tano za polisi, ukaenea mji mzima, na mji ukagawanywa katika maeneo ya doria 279, kila eneo likiwa na askari wake ambao iliamriwa wasihamishwehamishwe ovyo.

Mara moja kwa mwezi, aghalabu, askari hao walikutana na wakazi katika chumba cha chini cha kanisa au katika jengo la bustani ya umma. Mama mmoja husimama akalalamika kwamba nyumba ya pili kutoka kwake imehamwa, milango imevunjwa, na wauza dawa za kulevya wamefanya makao humo. Naye askari hamjibu kwa nasaha juu ya malezi, bali huchukua fomu akaijaza, na fomu hiyo hupelekwa katika idara za jiji zilizoamriwa na meya ziyatangulize maombi ya polisi mbele ya mengine, iwe ni kuziba nyumba, kuondoa gari bovu au kuwasha taa ya barabarani iliyokufa. Mwezi unaofuata askari hutazamiwa kueleza fomu ile imefikia wapi. Hakufanya hivyo kila mara, na pale alipokosa kufanya hivyo mkutano uligeuka malalamiko matupu. Lakini mkazi aliyeona mbao zimepigiliwa kwenye madirisha ya nyumba ile alikuwa na sababu ya kurudi.

Wesley Skogan wa Northwestern University, aliyeufuatilia mpango huo kwa zaidi ya miaka kumi na kuandika kitabu juu yake mwaka 2006, alikuta mji umekuwa miji mitatu: watu weusi walipata nafuu kubwa, Wazungu waliokuwa wameridhika tangu mwanzo wakaridhika zaidi, na Walatino, hasa wahamiaji wasemao Kihispania, hawakuonekana sana mikutanoni na hali ya mitaa yao ikazidi kuharibika. Ratiba ya mikutano ilikuwa ileile mji mzima. Aliyenufaika ni yule aliyeweza kuifikisha shida yake kwenye fomu.

Nitaambiwa kwamba uhalifu ulipungua miaka ile hata katika miji isiyokuwa na CAPS. Ni kweli, nami sidai kwamba fomu zilikamata wezi. Nadai uhusiano tu. Nitaambiwa tena kwamba ni polisi wa Chicago hao hao waliompiga kijana mweusi Laquan McDonald risasi 16 mwaka 2014, na kwamba Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2017 ilikuta kwao ada ya kutumia nguvu kupita kiasi. Pingamizi hili ni zito. Lakini ripoti ileile ilieleza kwamba CAPS ilikuwa imepunguziwa sana fedha na watu, na polisi jamii imeachiwa kikundi kidogo pembeni mwa idara. Na kwa insafu, mpango uliokatiwa riziki hauwezi kubebeshwa dhambi za waliouacha.

Sasa turudi kwenye nchi sita. Watafiti wenyewe walizitaja sababu za kushindwa: wakuu wa polisi hawakudumu katika kuunga mkono, maofisa walihamishwa mara kwa mara, na polisi hawakuwa na uwezo wa kuzishughulikia shida walizoletewa. Basi kilichopimwa Uganda na kwingineko ni mkutano uliokosa viungo vyote viwili nilivyovitaja, na kushindwa kwake ndiko nilikokutazamia.

Kipimo hichohicho kinaifaa Tanzania, ambayo imeweka wakaguzi wa polisi katika kata, na Zanzibar katika shehia. Wazee wa mtaa wakimwambia mkaguzi kwamba taa ya kona ya soko imezimika na hapo ndipo wapita njia wanapoporwa, anayo njia gani rasmi ya kuilazimisha halmashauri ijibu, na je, jawabu likija, yeye atakuwa bado yuko? Nawaomba watafiti watakaokwenda huko waanze kwa kuhesabu miezi aliyokaa mkaguzi katika kata na shida zilizopatiwa jawabu, kabla hawajamuuliza raia yeyote kama anawaamini polisi.